Alindi ya kufumwa kwa mkono naitambuaje? Jumamosi naenda Isili na pesa za watu

BintiMvita

Assalam aleikum wana jukwaa, habari za kutwa. Kaka yangu anaoa, bibi harusi ni Msomali, upande wa mama asili yao Barawa na upande wa baba Mogadishu, lakini amezaliwa hapa hapa Mombasa na Kiswahili chake kinaniacha mbali. Sasa wakwe wametuma salamu kwamba siku ya buraanbur, ile shughuli ya wanawake, sisi wa upande wa bwana harusi pia tujitokeze na guntiino za alindi, ile nguo ya pamba ya mistari inayofungwa begani. Mama kakubali, mashangazi wamekubali tena kwa vigelegele, na kwa kuwa mimi ndio niko Nairobi kikazi nimetumiwa pesa kwa simu nikanunue za watu tisa.

Wiki iliyopita nilipita Isili kuangalia bei tu nikatoka kichwa kinauma. Duka la kwanza nimetajiwa bei ambayo hata leso ya maana huipati, duka la tatu nimetajiwa mara nne ya hiyo, na kila mtu anaapa yake ndio orijino imefumwa kwa mkono Mogadishu. Mimi nikiangalia zote zina mistari, zote nyekundu na njano na nyeupe, tofauti ninayoiona ni kwamba moja ilikuwa inateleza mkononi na nyingine nzito ngumu ngumu kidogo.

Kwa hiyo naombeni msaada, ya mkono naijuaje nikiwa dukani bila kumtegemea mwenye duka, na je ni lazima iwe ya mkono ama naunguza pesa za mashangazi bure? Halafu ule wekundu unatoka? Maana ndani tunavaa blauzi nyeupe. Kufunga pia sijui, leso najua sana ila hii ya begani sijawahi.

---

MamaSalma_vitambaa

Waaleikum salaam mdogo wangu, hongereni na Mungu awajaalie kheri. Mimi nauza vitambaa, duka langu haliko Isili lakini mzigo naubeba hapo hapo, kwa hiyo nakwambia vile tunaviona sisi kabla mteja hajafika.

Hiki kinachoitwa alindi sokoni leo ni vitu vitatu ambavyo havihusiani. Kuna poliesta iliyochapwa mistari, hiyo ndio iliyokuteleza mkononi. Imejaa kila mahali kwa sababu siku hizi alindi ni fasheni, vijana wa Kisomali wa ughaibuni wanaitaka kwenye kila kitu, dirac (lile gauni pana la Kisomali) ya alindi, mkoba wa alindi, nguo za watoto, mpaka keki inapambwa kwa mistari ile. Kuna pamba ya mashine, hii uzi umetiwa rangi kwanza ndio ukafumwa, mistari ni ya kweli, ni nguo nzuri tu na mimi simruhusu mtu aidharau. Halafu kuna ya mkono yenyewe. Hiyo ni chache, na muuzaji akikwambia ana vipande tisa vya mkono vimefanana rangi kwa rangi mstari kwa mstari, mshukuru utoke.

Iliyochapwa ni rahisi kuikamata. Kwanza geuza nyuma, mara nyingi nyuma imepauka. Lakini kuna wanaochapa vizuri siku hizi mpaka nyuma inakolea, kwa hiyo usiishie hapo, mwambie akuvutie uzi mmoja pale alipokata kitambaa, na uwe ule uzi unaokatiza mistari sio unaokwenda nayo. Uzi ukitoka rangi moja mwanzo mpaka mwisho basi mistari imefumwa. Ukitoka kipande chekundu, kipande cha njano, kipande cheupe, tena chekundu, hiyo ni chapa mwanangu, hata akuapie vipi. Na akikataa kukuvutia uzi mmoja kwa nguo anayoiuza bei ile, jibu umeshapata.

Kutenganisha ya mashine na ya mkono ndio kasheshe, hapo wenye wazee wafumaji waseme. Ila kuhusu pesa mimi ningefanya hivi: ya mkono mnunulie mama peke yake, yeye ndiye wakwe watakaa naye karibu na watamshika nguo (watamshika, wallahi, Wasomali wakiona alindi lazima waipapase), nyinyi wengine chukueni pamba ya mashine. Poliesta msiguse. Si kwa ajili ya heshima, ni joto la Mombasa, mtacheza buraanbur saa ngapi na nguo imewagandia mgongoni.

---

mjukuu_wa_Shangani

Shangani ya Mogadishu, sio ya Unguja, nasema mapema kabla hamjaanza. Babu yangu mzaa mama alikuwa mfumaji Xamar Weyne, mtaa wa zamani wa Mogadishu, mimi sikumkuta kazini lakini mama na wajomba waliikulia kazi ile, na hapa Columbus, Marekani, kwetu kuna kipande chake mpaka leo.

Ili uitambue ya mkono inabidi ujue mtu alivyokaa. Kitanda chao cha kufumia ni cha shimo. Mfumaji anakaa ukingoni mwa shimo, miguu imo ndani juu ya vikanyagio viwili, akikanyaga hiki nusu ya nyuzi za mtande zinapanda, akikanyaga kile zinapanda zile nyingine, na kila zinapoachana anarusha kijiti chenye uzi kutoka mkono wa kulia anakidaka na wa kushoto, anavuta kichana kinaupiga ule uzi ukae, anakanyaga tena, anakirudisha. Basi siku nzima ni hivyo. Mtande wenyewe, zile nyuzi ndefu, umenyooshwa mbele yake mbali, na umepakwa wanga ili usikatike kwa kusuguliwa, ndio maana alindi mpya ya mkono inakuwa ngumu ngumu, dada ile nzito uliyoishika huenda ndio yenyewe, ikifuliwa inalegea inakuwa laini vizuri sana.

Sasa angalia. Mistari inayokwenda kwa urefu wa nguo ilipangwa kwenye mtande kabla mfumaji hajakaa, kwa hiyo hiyo haitakwambia kitu, itakuwa sawa kutoka mwanzo mpaka mwisho hata kama ni ya mkono. Mistari inayokatiza ndiyo anayoifuma papo kwa papo, anahesabu kwa mazoea na kwa jicho, hapa kapiga uzi mwekundu mara kadhaa, pale kaongeza mmoja bila kujua, pale kapunguza. Weka kidole kwenye miraba mitatu minne iliyofuatana upime. Ya mashine itakuja ile ile kila mara. Ya mkono itapishana kidogo sana, si kupindapinda kama kazi ya mwanafunzi, kidogo tu ambayo usipoitafuta huioni.

Halafu ikunje kwa urefu ukalinganishe upana sehemu mbalimbali. Mkono wa mtu hauvuti sawa asubuhi na alasiri, akivuta sana nguo inabana, akilegeza inaachia, kwa hiyo ukingo unaingia na kutoka. Na upana wenyewe hauwezi kuwa mkubwa, kwa sababu mtu lazima akifikie kile kijiti kwa mikono yake miwili. Wakikuletea kitambaa kipana kama shuka la kitanda cha sita kwa sita hakina mshono katikati wakakwambia babu mmoja kakaa shimoni kakifuma, waambie huyo babu ana mikono ya ajabu.

Mwisho matamvua. Ya kweli ni nyuzi za mtande zile zile zilizobaki nguo ilipokatwa kitandani, zikasokotwa kwa vidole. Yakiwa yameshonewa kwa cherehani pembeni, mtu kayaongeza ili ikae kizamani.

Jambo jingine ambalo watu wanakosea, nguo ni ya wanawake lakini waliokaa shimoni Mogadishu wengi walikuwa wanaume. Wanawake walikuwa kwenye pamba na uzi, kusafisha, kuchambua, kusokota. Pamba ikitoka bonde la Shabelle. Baadaye uzi wa viwandani ulipoanza kuja kwa meli ile kazi ya kusokota ndio ikafa kwanza, kabla ya kufuma.

---

Kaka_wa_Tanga

Samahani kuingilia shughuli za akina mama ila mbona mnaongea utadhani huku kusini tulikaa uchi tunasubiri jahazi litoke Mogadishu? Hiyo si kikoi tu imeongezwa urefu? Kilwa alipochimba Chittick, yule mtafiti wa mambo ya kale, vilitoka vile vigurudumu vya udongo vya kusokotea uzi, kwa hiyo pamba ilisokotwa pale tena zamani sana. Pate walikuwa na nguo zao za hariri mpaka Wareno wakazifanyia biashara. Na kule Sofala, Mreno Duarte Barbosa mwanzoni mwa karne ya 16 aliandika kitu ambacho mimi hunichekesha kila nikikikumbuka, anasema Waislamu wa pale wanafuma pamba nyeupe, rangi hawajui kuitia, basi wanachukua nguo za buluu zilizotoka Cambay, Bara Hindi, wanazifumua uzi kwa uzi halafu wanaufuma ule uzi wa buluu pamoja na mweupe wao. Umeona kazi hiyo? Unanunua nguo nzima unaifumua ili upate mstari mmoja. Kwa hiyo mistari si ya mtu mmoja.

Ila haki isemwe, Ibn Battuta alipopita mwaka 1331 Mogadishu ndio aliyoitaja kwa nguo, akasema zinazofumwa pale zinaitwa kwa jina la mji wenyewe, hazina mfano na zinapelekwa mpaka Misri. Alipofika Mombasa alilala usiku mmoja akaendelea na safari ya Kilwa, nguo za Mombasa hakusema kitu. Dada BintiMvita usinune, alikuwa na haraka.

---

mjukuu_wa_Shangani

@Kaka_wa_Tanga sijakataa kaka, pwani ni moja na uzi ulikwenda huku na huku. Lakini kikoi ni cha mwanamume, kiunoni, kifupi, kina upindo wa rangi chini na katikati mara nyingi ni rangi moja tu. Alindi ya guntiino imefumwa ndefu kwa ajili ya mwili wa mwanamke, inazunguka kifua na kiuno na inapanda begani, na mistari imejaa nguo nzima. Ukimfunga baba yako hiyo utajua kama ni kikoi.

Swali la maana zaidi kwangu ni kwa nini Kilwa na Sofala ufumaji ulikufa na Mogadishu ukabaki. Mimi naona ni hivi. Sayyid Said alitia saini mkataba na Marekani 1833, baada ya hapo Zanzibar ikajaa ile nguo ya viwanda vya Massachusetts, ndio hiyo bibi zetu waliiita marekani mpaka leo. Imara, rahisi, na ilikwenda mpaka bara huko Tabora na Ujiji. Hata vita vya Wamarekani vya wenyewe kwa wenyewe vilipozuia pamba kati ya 1861 na 1865, nafasi haikurudi kwa mfumaji wa kwetu, viwanda vya Bombay vikaichukua. Mfumaji wa nguo nyeupe pale hana la kufanya. Lakini marekani ilikuja haina rangi haina mstari, na wafumaji wa Benadir, yaani pwani ya Mogadishu na Barawa, wakaacha kushindana na weupe, wakanunua uzi wa dukani wenye rangi wakaelemea kwenye mistari, kitu ambacho mwanamke wa Mogadishu au wa bara akitaka kwa harusi hakubali badala yake. Yaani adui mwenyewe ndiye aliyewaletea uzi, wakaufumia. Huo ujanja ndio uliowafikisha kizazi cha babu.

Kilichowaumiza zaidi kilikuja baadaye. Kiwanda cha nguo cha Balcad, halafu nguo za nje, magauni ya baati na dirac yakachukua nafasi na guntiino ikabaki ya ngoma na sherehe za taifa. Halafu vita vya Somalia vya 1991. Watu wa Xamar Weyne na Barawa waliotoka kwa maboti kuja Mombasa hawakubeba vitanda vya shimo, nani atabeba? Waliokaa kambi za wakimbizi za Utange na Benadir wanajua walichobeba. Mjomba wangu alikuwa mfumaji mzuri, alipofika Mombasa akauza kahawa, na hapa Marekani akafanya kazi ghala la vifurushi mpaka alipostaafu. Nikimuuliza kufuma anasema magoti hayataki shimo tena.

Mogadishu bado wapo wanaofuma, wachache, na ndio maana namuunga mkono MamaSalma, kipande kimoja cha mkono mnunulie mama na mkilipe bei yake bila kukibishia sana.

---

DadaWaMajengo

nimesoma yote hii mpaka chai imepoa 😂 mi swali langu dogo, kwani wenyewe Wasomali wanajali? nimeenda arusi tatu nne za Isili na South C, wasichana wote wako na ile ya kuteleza na wanapendeza hatari, hakuna mtu alikuwa anavuta uzi

---

MamaSalma_vitambaa

@DadaWaMajengo wasichana hawajali, kweli kabisa. Wamama wao wanajali, na nyanya ndio zaidi. Huyu dada anaenda ukweni.

---

FundiAthumani_Kkoo

Habarini wakuu, mimi fundi cherehani Kariakoo. Nguo za Kisomali sishoni sana lakini pamba ya kufuma naijua maana kikoi nakata karibu kila wiki, kwa hiyo naongezea ya kifundi.

Uzi mmoja ukishavutwa kama alivyosema mama hapo, usiutupe, uchome. Pamba inawaka inanuka karatasi iliyoungua na majivu yake ukiyafinya yanakuwa vumbi. Poliesta inajikunja, inayeyuka, inaacha kidonge kigumu cheusi. Ila fanyia nje ya duka jamani msije mkaambiwa nimewatuma mchome maduka ya watu.

Pili, pamba mpya inaruka. Yaani inajikunja urefu ikifuliwa mara ya kwanza, na ya mkono iliyopakwa wanga ndio kabisa. Kwa hiyo loweka maji ya baridi usiku kucha, fua, anika kivulini, piga pasi ikiwa na unyevu bado, ndio umpelekee fundi kama kuna blauzi ya kushona. Wateja wanafanya kinyume, wananiletea kitambaa kutoka dukani moja kwa moja wananihimiza, wiki mbili baadaye wanarudi nguo imepanda juu wananiambia fundi umenipunja.

Tatu mistari ikutane. Kama mnashona blauzi kwa kitambaa hicho hicho nunueni zaidi kidogo, kwa sababu kulinganisha mistari ubavuni na mkononi kunakula kitambaa, na hiyo ya mkono ambayo miraba haiko sawa ndio inakula zaidi. Mimi ningesema blauzi ishonwe kwa kitambaa kingine cha rangi moja, na guntiino muiache nzima bila mkasi.

---

Ummu_Zayd_Muscat

Mie niko Muscat, kwetu asili Unguja, na nguo za mistari humu ndani zimejaa makabati mawili. Huku Sur nako walikuweko wafumaji wa shimo vile vile, wanaume, wakifuma za kujifunga kiunoni na za vilemba. Sahari na debwani alizokuwa akinunua babu yangu Unguja zikitoka huku.

Kuhusu rangi mwanangu, nyekundu itatoka, usidanganywe. Mkishafika nyumbani tieni maji ya baridi na chumvi vibaba viwili na siki kikombe, rowekeni mpaka asubuhi, rangi inakamata. Hivyo ndivyo tulivyofunzwa na mama zetu na kanga zetu mpaka leo zinang'ara.

---

FundiAthumani_Kkoo

Mama shikamoo. Kwa heshima zote, chumvi na siki haikamatishi rangi ambayo imeshafumwa ndani ya nguo. Chumvi ina kazi yake wakati uzi unatiwa rangi, kwenye sufuria na maji moto, ikishatoka kule chumvi ya beseni haina inachofanya. Kinachosaidia ni kuondoa ile rangi ya juu ambayo haikushika, kwa kufua peke yake maji baridi mara kadhaa mpaka maji yatoke safi.

Na jaribio ni hili, chukua kitambaa cheupe cha pamba kilowe kidogo, kiweke juu ya ule mstari mwekundu upige pasi ya moto juu yake. Kikibaki cheupe vaeni na blauzi nyeupe msiogope. Kikitoka pinki, badilisheni blauzi.

---

Ummu_Zayd_Muscat

Marhaba baba. Mie chumvi yangu nitaendelea nayo, haijaniharibia nguo hata siku moja. Lakini hiyo ya pasi nimeipenda.

---

BintiMvita

Jamani asanteni sana sana, nimerudi na taarifa. Jumamosi nimeenda na nimevuta nyuzi mpaka wameanza kuniita mama wa nyuzi pale. Maduka ya mbele yote ni chapa, uzi unatoka rangi rangi kama alivyosema MamaSalma, mwenye duka mmoja kanikasirikia kweli. Mwishowe nimepata kwa mzee mmoja kule ndani ndani, kaniuliza mwenyewe unataka ya kuvaa au ya kuweka, nikajua nimefika. Pamba ya mashine nimechukua nane, na kipande cha mkono kimoja cha mama, nimepima miraba na kidole kweli inapishana, kuna mstari wa njano mmoja umezidi wenzake kwa nyuzi kama mbili hivi, na katikati kina mshono wa mkono umeunganisha vipande viwili. Nilikaribia kukirudisha kwa sababu ya ule mshono nikakumbuka habari ya mikono ya mfumaji.

Yamebaki mawili. Kufunga hamjaniambia. Na mdogo wangu ameona picha za wanawake wamefunga guntiino na kitambaa cheusi chembamba kichwani, naye anataka, wengine wananiambia asivae.

---

MamaSalma_vitambaa

Mashallah umenunua vizuri, huyo mzee nahisi namjua 😄

Mdogo wako ameolewa? Kama hajaolewa asifunge. Hicho ni shaash, ni cha mwanamke aliyeolewa, na hata huyo bibi harusi wenu atafungwa na wanawake baada ya harusi, kuna shughuli yake kabisa, shaash saar, siku ya saba. Mtoto wa kike akienda nacho ukweni watu watauliza mume wake yuko wapi. Avae kichwa hivyo hivyo kama mtandio wake wa kawaida unavyokaa, au apambe nywele kama mnakaa wanawake watupu. Mama na mashangazi walioolewa wafunge kama wanataka, wakwe watafurahi. Shingoni shanga kubwa za kaharabu ndio zinaendana na nguo hiyo, dhahabu pia hakuna atakayekataa.

Kufunga: ndani vaa gauni jepesi la mikono au blauzi na sketi ya ndani ndefu, maana zamani bega moja lilikaa wazi na leo wengi hawataki. Chukua pembe moja ya nguo ipitishe chini ya kwapa la kushoto, mbele upitishe kifuani, nyuma upitishe mgongoni, pembe mbili zikutane juu ya bega la kulia piga fundo dogo lililobana. Ule urefu uliobaki unaning'inia ubavuni, uzungushe kiunoni mbele ukiukunja kunja, urudi nyuma, mwisho wake uchomeke kiunoni au ufungie mkanda wa kitambaa. Fundo likiwa kubwa linakaa kama uvimbe, kwa hiyo zile pembe zikunje ziwe nyembamba kwanza. Na kwa kucheza wekeni pini ya usalama chini ya fundo kwa ndani, buraanbur ikikolea mtu anaruka na fundo la pamba mpya linateleza. Jifungeni nyumbani mara mbili tatu kabla ya siku yenyewe, na mjaribu kukaa chini na kuinuka, sio kusimama mbele ya kioo tu.

---

mjukuu_wa_Shangani

Naongezea moja tu kwa kipande cha mama. Ule mstari wa njano uliozidi usimruhusu fundi "aurekebishe", na mshono wa katikati ukilegea ushonwe kwa mkono na uzi wa pamba, sio wa nailoni, nailoni inakata ile pamba taratibu kila ikifuliwa. Isikamuliwe kwa kunyonga. Na ikishavaliwa isitundikwe kwenye henga kabatini miezi na miezi, inavutika begani, ikunjwe tu iwekwe na karafuu kidogo au udi.

---

DadaWaMajengo

@BintiMvita sasa huyo mzee wa ndani ndani ni jengo gani, mi pia nataka ya kuweka

---

BintiMvita

@DadaWaMajengo nakutumia inboksi, hapa nikiweka Jumamosi ijayo atakuwa ameishiwa na mama mkwe wa kaka ameshaniagiza kipande kingine.